Mwindaji Kilabuni: Usikilizaji na Uondokaji katika Hadithi ya "Waimbaji" ya Ivan Turgenev

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 1847 jarida la Sovremennik la St. Petersburg lilichapisha hadithi fupi ya Ivan Turgenev iitwayo "Khor na Kalinych". Ivan Panaev, aliyekuwa mmoja wa wahariri, aliiongezea anwani ndogo iliyoitambulisha kuwa imetokana na kumbukumbu za mwindaji. Kusudi lake halikuwa kubwa: alitaka msomaji asiihukumu kazi hiyo kwa ukali mno. Anwani hiyo ya dharura ndiyo iliyokuja kuubeba mkusanyiko mzima wa Kumbukumbu za Mwindaji, uliotoka Moscow mwaka 1852 ukiwa na hadithi 22. Katika miaka ya 1870 mtunzi aliongeza nyingine tatu, zikatimia 25.

Kwa kawaida mkusanyiko huo husomwa kama hati ya kuupinga utwana, yaani mfumo uliowafunga wakulima wa Urusi kwa mabwana wenye ardhi hadi ulipofutwa mwaka 1861. Usomaji huo una haki yake. Dola yenyewe iliusoma vivyo hivyo: hadithi zilipokuwa zikitoka moja moja jaridani zilipita, lakini zilipokusanywa pamoja zilishtua, na ofisa wa udhibiti aliyekipitisha kitabu, V. V. Lvov, alifukuzwa kazi. Udhaifu wa usomaji huo ni kwamba humfanya mwindaji kuwa kisingizio tu, mtu wa kumfikisha msomaji kijijini na kisha kusahauliwa.

Makala hii inashughulikia hadithi moja, "Waimbaji" (kwa Kirusi Pevtsy), iliyochapishwa mwaka 1850. Inashikilia kwamba mwindaji katika hadithi hiyo ni msikilizaji mwenye uhuru wa kuondoka wakati wowote apendao, na kwamba kuondoka kwake ni sehemu ya maana ya hadithi sawasawa na nyimbo anazozisikiliza. Jambo hili linawahusu kwa karibu wanafunzi wa fasihi simulizi wanaokwenda vijijini na vinasa sauti wakati wa likizo, ambao mara nyingi huizima mashine pale wimbo unapokwisha.

2.0 Uwindaji usio na windo

Kisa ni chepesi kusimulia. Mchana wa Julai, jua likiwaka bila huruma, mwindaji mwungwana anapandisha korongo la kijiji cha Kolotovka akiwa na mbwa wake. Ana kiu. Kijiji hakina chemchemi wala kisima. Wakulima wanakunywa matope ya bwawani. Mwindaji anakusudia kuomba bia au kvas katika kilabu kilichoko mwanzoni mwa korongo. Akiwa bado nje anapata habari kwamba Yashka, asifiwaye kuwa mwimbaji bora wa eneo lile, anashindana leo na mkandarasi mmoja kutoka Zhizdra. Anaingia na kusikiliza. Yashka anashinda. Mwindaji anatoka, analala katika ghala la nyasi kavu, anaamka usiku, anapita tena karibu na kilabu, kisha anateremka kwenda zake. Katika hadithi yote hakuna risasi iliyofyatuliwa wala ndege aliyeanguka.

Basi uwindaji una kazi gani humu? Msimulizi mwenyewe anadokeza jibu pale anapomweleza msomaji wake kuwa huenda hajapata kuingia katika vilabu vya mashambani, ilhali wawindaji hufika kila mahali. Kauli hiyo inasemwa kwa wepesi, karibu kwa mzaha, lakini ndiyo hati ya kupitia. Mwungwana wa Urusi wa wakati ule hakuwa na shughuli yoyote ya heshima iliyoweza kumweka benchini pamoja na watwana. Angeweza kuwaita kwake, kuwahesabu, kuwatoza au kuwapiga. Kukaa nao hakuweza, isipokuwa akiwa na bunduki begani na vumbi viatuni. Turgenev aliijua hali hiyo kwa kuiishi. Mama yake, Varvara Petrovna, alimiliki watwana kwa maelfu katika mashamba yaliyokuwa na makao yake makuu Spasskoye-Lutovinovo, jimbo la Oryol, na mwana huyo aliwafahamu watu wa jimbo hilo hasa kwa kuwinda nao.

Lugha yenyewe ina la kusema hapa. Neno la Kirusi okhota lina maana ya uwindaji, na pia lina maana ya hamu au utashi. Okhotnik ni mwindaji, na vilevile ni mtu atendaye jambo kwa kupenda kwake. Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Kitenzi kusaka kilianza kwa mnyama kikaenea hadi kwenye kazi, mali, hata wachumba, kwa hiyo uwindaji wetu umeelekea kwenye kutafuta kwa bidii, na mara nyingi kwa shida. Uwindaji wa Kirusi unabaki karibu na kupenda. Mfasiri anayeandika mwindaji hajakosea, na anayeichagua msasi, neno lililobaki zaidi katika maandishi ya zamani na ushairi, naye hajakosea; lakini hakuna kati ya maneno hayo linalomwonya msomaji kwamba mtu huyu anakwenda anakotaka kwa sababu tu anataka. Hilo ndilo linalomtofautisha na kila mtu mwingine atakayekutana naye kilabuni.

Mtunzi huenda hakukusudia kulicheza neno hilo, ila limejitokeza mahali pa kuvutia sana. Kilabu cha Kolotovka kinaitwa Prytynny, neno la kienyeji ambalo Turgenev analifafanulia wasomaji wake wa mjini katika tanbihi: ni mahali popote ambapo watu hupenda kukutania. Kielezi anachokitumia kwa "kupenda" humo ni okhotno, kinachotokana na mzizi uleule. Kwa maneno mengine, mwindaji na walevi wa kijiji wanafika mahali pamoja kwa neno moja, ingawa hawafiki kwa uhuru ulio sawa.

3.0 Kilabu na majina yake

Neno kabak limewahangaisha wafasiri katika lugha nyingi, na mfasiri wa Kiswahili hatanusurika. Baa ina chupa, muziki na taa za umeme. Hoteli ni mahali pa kula. Mangweni ni pa mnazi na pa pwani. Kilabu, kwa maana inayoeleweka katika vijiji vya Tanzania Bara, ndilo neno linalokaribia zaidi: nyumba duni, benchi, pombe ya bei ndogo, na watu wanaojuana kwa majina ya utani. Tofauti kubwa ni ya kiuchumi. Serikali ya Urusi ilikodisha haki ya kuuza vodka kwa wafanyabiashara matajiri, utaratibu uliodumu hadi mwaka 1863, na kilabu cha mwisho kabisa cha mashambani kilikuwa tawi la mnyororo huo. Mwuzaji aliitwa tselovalnik, neno lenye mzizi wa kubusu, kwa sababu hapo kale mtu wa kazi hiyo aliapa kwa kuubusu msalaba. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa neno lililobaki na ganda la kiapo baada ya kiapo chenyewe kwisha.

Chumba chenyewe kinaelezwa kwa jicho la mtu aliyekizoea. Kimegawanywa kwa kiambaza, na hakuna mkulima anayeruhusiwa kuvuka kiambaza hicho. Katika kiambaza kuna tundu juu ya meza pana ya mwaloni, na hapo ndipo pombe inapouzwa. Nikolai Ivanych, mwenye kilabu, amekaa Kolotovka zaidi ya miaka ishirini, amenenepa, anajua mambo mengi na husema machache. Nje, dirisha moja la kilabu linatazama korongoni, na usiku wa baridi taa yake huwaongoza wakulima wapitao. Dirisha hilo lafaa kukumbukwa.

Wateja wanajulikana kwa lakabu. Yashka anaitwa Mturuki kwa kuwa ametokana na mwanamke wa Kituruki aliyetekwa vitani. Anafanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Yuko Obaldui, ambaye kwa Kiswahili angefaa kuitwa Juha, na Morgach, yaani Mpepesa-macho. Mwamuzi wa mashindano ni jitu lenye nguvu za kutisha liitwalo Dikii-Barin. Lakabu hii ya mwisho inastahili kutuliwa kidogo. Barin ni bwana mwenye watwana. Dikii ni -a porini, asiyefugika. "Bwana Mwitu" ni tafsiri inayokubalika, lakini makali yake yamepungua, kwa sababu bwana wa Kiswahili cha leo ni mume, ni mtu yeyote wa kiume, ni kiitikio cha heshima. Ingembidi msomaji arudi kwenye pwani ya karne ya 19, wakati bwana alipokuwa kinyume cha mtumwa, ndipo ausikie utani wa Kolotovka: watu wasio na haki ya kuwa na bwana wamchaguaye wamejiteulia mmoja wao wenyewe, na kumtii wanamtii kweli.

Lakabu zinavuka mipaka ya tabaka pia. Mwanamke aliyekimiliki kijiji zamani anakumbukwa kwa jina la kejeli alilopewa na majirani, na jina lake halisi limepotea. Katika hadithi hii, basi, uwezo wa kutaja majina uko mikononi mwa wanakijiji. Mmoja tu ndiye asiye na jina la aina yoyote ndani ya chumba: mkulima maskini mwenye joho lililochanika, aliyekaa pembeni. Mwindaji anakwenda kukaa karibu naye.

Mwindaji anapoingia, wateja wanababaika. Hali inatulia anapomsalimu Nikolai Ivanych kama mtu wanayefahamiana. Turgenev halipitishi jambo hilo kwa siri. Anakubali kwamba hadhira imeshabadilika kwa kuingia kwake, kisha anaonyesha jinsi kujulikana na mwenye nyumba kulivyosaidia kuyarudisha mambo karibu na kawaida yake. Mtafiti yeyote aliyewahi kuketi kwenye ngoma asiyoalikwa anaujua ukimya wa namna hiyo, na anajua pia kwamba ripoti nyingi za utafiti huuacha bila kuutaja.

4.0 Masikio mawili

Kura zinapigwa, na mkandarasi anaangukiwa na zamu ya kwanza. Anaimba wimbo wa uchangamfu, wa kuchezea, kwa sauti nyembamba ya juu anayoirusha, kuikata na kuitetemesha kwa ustadi mkubwa. Wasikilizaji wanafurahi, na Juha anashindwa kujizuia kupiga kelele. Kumweleza mwimbaji huyu, msimulizi anachukua istilahi za opera, za Kiitaliano na za Kifaransa, na kumfanya mkandarasi wa Zhizdra kuwa aina ya tena nyepesi ya jukwaa la Ulaya, ila ya Kirusi. Si ajabu. Turgenev alikuwa amekaa miaka kadhaa karibu na mwimbaji mashuhuri wa opera Pauline Viardot, na ni katika barua kwa mwimbaji huyo, mwaka 1850, alipoeleza kwamba hadithi imetokana na mashindano ya waimbaji wawili wa kienyeji aliyoyashuhudia miezi michache kabla, ambayo aliyapamba kidogo.

Kisha Yashka anaanza. Sauti ya kwanza ni dhaifu, haijasimama sawasawa, kama kwamba haikutoka kifuani mwake bali imetoka mbali na kujiingiza chumbani kwa bahati. Sauti yenyewe ina ufa. Wimbo ni wa huzuni, wa polepole. Hapa istilahi za opera zinatoweka kabisa. Hakuna tena Kiitaliano wala Kifaransa. Msimulizi anarejea kwenye msamiati wa Kirusi wa uchungu, ukweli na uwanda usio na mwisho, na mara moja anamkumbuka shakwe aliyewahi kumwona ufukweni wakati wa maji kupwa. Mabadiliko hayo ya msamiati ni ushahidi wa kiisimu usiohitaji kutafsiriwa sana. Kwa mwimbaji wa kwanza, mwindaji anasikiliza kwa masikio aliyokuja nayo. Kwa wa pili, masikio hayo hayamfai kitu.

La kuzingatia zaidi ni kwamba maneno ya nyimbo karibu hayamo. Kila wimbo unatambulishwa kwa mwanzo wake tu. Tunachopewa ni wasikilizaji: mke wa mwenye kilabu akilia dirishani, Nikolai Ivanych akiinamisha kichwa, yule mkulima asiye na jina akikwikwi polepole pembeni, na chozi zito likiteremka polepole usoni mwa Bwana Mwitu. Mpinzani anasimama, anakiri kwa shida kwamba ameshindwa, na kutoka mbio. Linganisha na mkusanyo wa hadithi za Waswahili wa Edward Steere, uliochapishwa London mwaka 1870 kutokana na masimulizi aliyoyapata Unguja. Steere ametuachia maneno, na maneno hayo ni hazina; waliokuwa wakisikiliza, wakicheka na kuitikia, kwa sehemu kubwa hawamo. Turgenev ametuachia waliosikiliza bila maneno. Tangu Ruth Finnegan alipotilia mkazo utendaji katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, upungufu wa namna ya kwanza umesemwa mara nyingi. Upungufu wa namna ya pili haujasemwa vya kutosha: hadithi inayotuliza kwa machozi ya hadhira inatudai tuuamini uzuri wa wimbo kwa dhamana ya msimulizi peke yake, na dhamana hiyo ni ya mwungwana aliyeingia kwa sababu ya kiu.

Msingi wa hukumu nao unatofautiana na mashindano tunayoyajua. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu huko Usukuma, mshindi hujulikana kwa ukubwa wa umati aliouvuta upande wake. Hadhira hupiga kura kwa miguu. Kolotovka haina mahali pa kukimbilia. Wote wako chumba kimoja, na hukumu inapatikana kwa ukimya na kwa ungamo la aliyeshindwa. Anayeweza kuitumia miguu yake ni mmoja tu.

5.0 Kuondoka na kurudi dirishani

Naye anaitumia. Punde baada ya ushindi mwindaji anatoka, na sababu anaitoa bila kujificha: hakutaka kubaki kwa kuogopa kuiharibu taathira aliyoipata. Wasomaji wengi huipokea kauli hiyo kama alama ya unyenyekevu wa kisanaa. Ni vema kuitazama upya. Kwa Yashka hakuna taathira ya kuhifadhi mahali pengine. Jioni inayofuata ushindi ni yake, ndani ya chumba kilekile, na tuzo la mashindano lilikuwa bia. Mwenye ghala la kuweka kumbukumbu safi ni yule anayeweza kwenda zake.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nzuri, na ingekuwa ya uongo kidogo. Turgenev anamrudisha mwindaji. Giza limeingia, dirisha la kilabu linawaka, makelele yanasikika kutoka mbali. Mwindaji anakaribia na kuegemeza uso kwenye kioo. Ndani wote wamelewa. Yashka, kifua wazi, ameketi benchini akichezesha gitaa na kuimba kwa sauti iliyokwaruza wimbo wa kuchezea, yaani aina ileile ya wimbo aliyoishinda mchana. Juha anacheza. Morgach amekuwa mwekundu. Watu wapya wamejaa. Nikolai Ivanych peke yake ndiye aliyebaki na utulivu wake wa kawaida, naye ndiye muuzaji. Bwana Mwitu hayumo.

Aya hiyo fupi inabadili kila kitu kilichotangulia. Mchana mwindaji alikuwa ndani, ameketi, anakunywa bia. Usiku yuko nje na kioo kati yake nao. Dirisha ambalo mwanzoni lilielezwa kuwa mwongozo wa wapita njia sasa ni tundu la kuchungulia. Haingii, na safari hii hatoi sababu. Hata hivyo anaandika alichokiona, na hapo ndipo uaminifu wa masimulizi unapopatikana: si katika kulia pamoja nao, bali katika kukubali kwamba picha aliyoikimbilia kuilinda ilikuwa nusu ya siku. Mkusanyaji wa nyimbo anayezima mashine baada ya shangwe hajadanganya, lakini faili yake ina mchana tu. Nani alilipa pombe, mwimbaji aliimba nini baadaye bila kuombwa, nani aliondoka mapema kwa sababu hakutaka kuyaona, hayo yote ni habari za utendaji, na hayapatikani kwa kumhoji fanani kesho yake asubuhi.

Hadithi bado haijakwisha. Mwindaji anapoteremka kilimani, kwenye uwanda uliojaa ukungu wa jioni, anasikia sauti ya mvulana ikimwita mwenzake, Antropka. Irabu ya mwisho inavutwa mno, inanyamaza, inaanza tena. Mwito unarudiwa wapata mara thelathini. Mwishowe, kutoka upande wa pili wa uwanda, kama kutoka dunia nyingine, kunatoka itiko hafifu. Kiisimu huu ni uzungumzaji uliogeuka wimbo: neno moja, mvuto wa irabu, kituo, mrudio. Ni mashindano ya pili ya sauti siku ile, na safari hii mwindaji hakualikwa, haonekani, wala hana benchi la kukalia. Kwa wimbo wa Yashka msomaji alipewa machozi bila maneno. Kwa wito huu anapewa maneno yote. Mvulana anafurahi kujibiwa, na kwa furaha ileile anamweleza ndugu yake sababu ya kumwita: baba anataka kumchapa.

Ile sauti ya pili haikujibu tena. Ya kwanza iliendelea kuita, ikififia kadiri mwindaji alivyozidi kwenda, hata alipokwisha kuzunguka kona ya msitu.